Sura ya Saba: Chupa Mbili

Picha ya eksirei ya kifua ni picha ya vivuli. Mahali penye hewa hutoka peusi, mfupa hutoka mweupe, na chochote kilichochukua nafasi ya hewa, kiwe usaha, maji, kovu la zamani au saratani, huacha doa jeupe lisilo na jina. Jina hutolewa na daktari anayeitazama, na hapo mwanzo hulitoa kwa kukisia. Katika nchi zetu jina la kwanza kumjia ni kifua kikuu, yaani TB.

Simlaumu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mtu akikohoa wiki mbili mfululizo, akakonda, akalowa jasho usiku na kutoa makohozi yenye damu, mara nyingi ni TB kweli, na kumcheleweshea dawa ni kumhatarisha yeye na wote wanaolala naye nyumba moja. Shida ni kwamba dalili hizo hizo ni za saratani ya mapafu pia.

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 58, mvutaji wa sigara tangu ujana. Anakohoa. Makohozi yanapimwa, vimelea vya TB havionekani. Picha inaonyesha kivuli upande wa juu wa pafu la kulia. Anaanzishiwa dozi ya miezi sita hivyo hivyo, mkojo unageuka rangi ya chungwa, na nyumbani watu wanashusha pumzi kwamba ugonjwa umejulikana. Mwezi wa pili kikohozi kiko pale pale, lakini anaambiwa avumilie, dawa bado zinafanya kazi. Mwezi wa nne sauti inaanza kukwaruza. Mwezi wa tano kunatokea uvimbe mgumu juu ya mtulinga. Uvimbe huo ni tezi iliyovamiwa, na ukishauona hapo, upasuaji wa kuliondoa gonjwa lote umekwisha kuwa nje ya uwezekano.

Duniani kote mwaka 2022 saratani ya mapafu iligunduliwa kwa watu wapatao milioni 2.5 na kuua takriban milioni 1.8. Hakuna saratani nyingine inayoua wengi kiasi hicho. Na wengi wa wanaokufa huku kwetu hufika kwa daktari wa saratani wakiwa wamechelewa namna ya yule seremala. Hawakukaa nyumbani. Walikuwa wanatibiwa, kwa bidii na kwa uaminifu, ugonjwa ambao haukuwa wao. Kipimo ambacho kingeweza kuwaokoa na upotevu huo ni bronkoskopia: kuingiza mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya hewa, kutazama, na kutoa kinyama cha kupeleka maabara.

Kwanza njia yenyewe. Mapafu yamejengwa kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Shina ni bomba la hewa, lenye urefu wa sentimita 11 au 12 kwa mtu mzima, likishikiliwa wazi na pingili za gegedu zenye umbo la herufi C. Likifika nyuma ya kidari hugawanyika matawi mawili. Tawi la kulia ni fupi, pana na limesimama wima kuliko la kushoto, ndiyo sababu punje ya karanga iliyompalia mtoto huishia upande huo mara nyingi. Kuanzia hapo matawi huendelea kugawanyika, takriban mara 23, hadi kwenye vifuko vya hewa visivyoonekana kwa macho. Kamera ya kawaida ina unene wa milimita 5 au 6. Hufika mgawanyiko wa tano au wa sita, kisha njia inakuwa nyembamba kuliko chombo. Msomaji akumbuke jambo hilo, maana uwezo wote wa kipimo hiki na mapungufu yake yote yanaanzia hapo.

Aliyefungua njia hii hakuwa akitafuta saratani. Mwaka 1897, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari wa koo Gustav Killian alimpokea mkulima wa miaka 63 aliyevuta kipande cha mfupa wa nguruwe hadi ndani ya tawi kuu la kulia. Killian alitia ganzi ya kokeini kooni, akapitisha bomba la chuma lililonyooka, akauona mfupa na kuutoa. Mwaka huo huo mwenzake Mjerumani, Robert Koch, aliyekuwa ametangaza ugunduzi wa kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam kufanya utafiti katika hospitali ya serikali ya kikoloni kando ya bahari. Majengo hayo leo ni ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Magonjwa mawili tunayoyachanganya katika picha moja ya kifua yana historia iliyopita katika ua mmoja.

Baada ya Killian, Mmarekani Chevalier Jackson wa Philadelphia aliweka taa ndogo kwenye ncha ya bomba na kuifanya kazi hiyo kuwa fani. Vitu 2,374 vilivyotolewa kwenye koo na vifua vya watu, pini, vifungo, sarafu, mifupa, vimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Mütter mjini humo. Lakini bomba la chuma halipindi. Ilibidi mgonjwa akunjwe shingo nyuma, na matawi ya juu ya pafu, ambako saratani hupenda kuota, hayakufikika. Aliyelitatua hilo ni daktari Mjapani, Shigeto Ikeda, wa Kituo cha Taifa cha Saratani mjini Tokyo. Aliwashawishi watengenezaji wa vifaa kufunga pamoja nyuzi laini za kioo zaidi ya 15,000, zinazopitisha mwanga na picha hata mpira ukikunjwa, na mwaka 1966 akauonyesha ulimwengu chombo chake mjini Copenhagen. Katika miaka ya 1980 nyuzi hizo zilianza kuachia nafasi kamera ndogo iliyowekwa nchani kabisa, na picha ikahamia kwenye skrini ambayo chumba kizima kinaiona.

Sasa chumba chenyewe. Mgonjwa amekuja hajala kwa saa 6 na hajanywa hata maji kwa saa 2. Amekuja na ndugu, kwa kuwa dawa ya usingizi itamfanya asiweze kuendesha gari wala kutia saini jambo lolote la maana hadi kesho yake. Ameshaulizwa kama anatumia vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, warfarini au klopidogreli, na damu yake imepimwa kama inaganda ipasavyo. Picha za CT zimebandikwa ukutani au zimefunguliwa kwenye kompyuta. Hizo ndizo zinazomwambia daktari tawi la kuelekea, na kufanya bronkoskopia bila CT pale inapopatikana ni kutembea gizani kwa hiari.

"Shikamoo mzee," nesi anamsalimu, akimvisha kidoleni kifaa cha kupima oksijeni.

"Marahaba mwanangu. Kinauma hiki?"

"Hakiumi baba, ila kinakera. Utakohoa, na wewe kohoa tu, usijizuie. Mpira usiushike. Ukiwa na shida nyanyua mkono, maana kuongea hutaweza."

Ganzi ya lignokaini inapulizwa puani na kooni. Ni chungu. Koo linakuwa zito, mate hayamezeki, na wagonjwa wengi huogopa kwamba wanakabwa. Hawakabwi. Hewa inapita pembeni ya mpira, na kifaa cha kidoleni kinapiga mlio kama oksijeni ikishuka. Dawa ya usingizi kidogo inaingia mshipani, si ya kumlaza kabisa, ya kumtuliza. Mpira unapita tundu la pua lililo pana zaidi, unashuka nyuma ya ulimi, na kwenye skrini zinatokea nyuzi za sauti, mbili, nyeupe, zikifunguka na kufumba. Wakati wa kuzivuka ndio mgumu kuliko yote. Ganzi nyingine inapulizwa hapo, mzee anakohoa kwa nguvu, machozi yanamtoka, nesi amemshika bega. Kisha kikohozi kinapungua na bomba la hewa linaonekana limenyooka, utando wa waridi juu ya pingili nyeupe.

Penye njia panda ya matawi mawili daktari husimama. Ukingo unaoyatenga unapaswa kuwa mkali. Ukiwa butu na mpana, tezi zilizo chini yake zimevimba, na daktari mzoefu anajua kuna jambo kabla hajauona uvimbe wenyewe. Halafu anaanza na upande usio na shida, kwa sababu damu ikianza kutoka upande wa ugonjwa hataona kitu tena. Kwa seremala wetu upande wa kushoto ni safi. Kulia, mlango wa tawi la juu umezibwa na nyama yenye vinundu, nyekundu, iliyofunikwa utando mweupeweupe wa nyama iliyokufa. Ncha ya mpira ikiigusa tu inavuja damu.

Msaidizi anapitisha waya wenye taya ndogo ndani ya mpira. "Fungua," anasema daktari. "Funga." Anavuta. Kinachotoka ni kipande cha milimita moja au mbili. Mgonjwa hasikii maumivu, maana utando wa ndani ya njia ya hewa hausikii kukatwa kama ngozi inavyosikia. Kipande cha kwanza mara nyingi ni ule utando uliokufa ambao hausemi lolote, kwa hiyo inafaa kuchukua visivyopungua vitano kutoka mahali pale pale. Damu ikizidi wanamwagia maji ya chumvi yaliyopoozwa, au adrenalini iliyochanganywa na maji, na kusubiri. Baada ya hapo hupitishwa brashi ndogo ya kukwangua seli, kisha maji kidogo ya chumvi yanamwagwa na kuvutwa tena, nayo yanahifadhiwa.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo sura hii imepewa jina lake. Mezani kuna chupa mbili. Moja ina fomalini, na humo ndimo kinyama cha kutafutia saratani kinapotiwa, kwa sababu fomalini huzuia nyama isioze na kulinda umbo la seli. Nyingine haina fomalini hata tone. Ni ya TB. Fomalini huua vimelea, na kimelea kilichokufa hakioteshwi maabara kwa namna yoyote. Chumba kikiwa na haraka, au aliyeandaa meza akiwa hajaelezwa, vinyama vyote hutumbukizwa katika chupa moja ya fomalini, na swali la kifua kikuu linabaki bila jibu kamili kwa mgonjwa ambaye hatakubali kurudia kipimo kesho.

Katika nchi zenye TB chache chupa ya pili inaweza kuonekana ziada. Kwetu ni ya lazima, na ninalisema hili kwa mkazo wote nilio nao. TB ya ndani ya njia ya hewa inaweza kuota uvimbe unaofanana na saratani hata kwa jicho la mzoefu. Saratani inaweza kuota penye kovu la TB ya zamani. Na magonjwa yote mawili yanaweza kukaa katika pafu moja wakati mmoja, kwa hiyo jibu la "TB ipo" halimaanishi "saratani haipo". Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwaka 2010, hutoa jibu la TB kwa takriban saa mbili, hata kutoka kwenye yale maji yaliyovutwa pafuni. Jibu la saratani huchukua siku nyingi zaidi. Lile la haraka lisiruhusiwe kulifuta lile la polepole.

Kuna usalama wa wahudumu pia. Mgonjwa anayekohoa akiwa na mpira kooni hutawanya vimelea chumba kizima. Ndiyo maana makohozi hupimwa kwanza, dirisha au feni ya kutoa hewa nje ni muhimu, na barakoa ya N95 si pambo. Mpira wenyewe husuguliwa ndani na nje, hulowekwa katika dawa kali ya kuua vijidudu na kukaushwa kabla ya mgonjwa anayefuata. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama hayo yamefanyika.

Kinyama kinafika kwa mpatholojia. Kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba vya maikroni 3 hadi 5, kinatiwa rangi ya waridi na ya zambarau, kinawekwa chini ya hadubini. Swali la kwanza ni kama ni saratani. La pili, ambalo ndugu wengi hawalijui, ni saratani ya aina gani. Takriban asilimia 15 ya saratani za mapafu ni za seli ndogo. Hizo hukua na kusambaa haraka, kwa kawaida hazifanyiwi upasuaji, na dawa zake zina mpango wake. Zilizobaki zimegawanyika tena, na baadhi yake zina hitilafu ya vinasaba, kama ile ya EGFR, ambayo hutibiwa kwa vidonge vinavyomezwa nyumbani. Kila kipimo cha ziada kinakula kinyama. Aliyechukua vipande viwili vya milimita moja anaweza kupata jina la ugonjwa na kukosa mwongozo wa tiba. Ugumu wetu mwingine ni uchache wa wapatholojia, hivyo majibu huchelewa, na mgonjwa asiyefuatilia anasahaulika. Ndugu afuatilie.

Sasa mapungufu. Uvimbe ulio katikati, penye matawi makubwa ambako kamera inauona kwa macho, hupatikana kwa bronkoskopia karibu mara tisa katika kumi. Uvimbe ulio pembezoni mwa pafu, wenye upana usiofika sentimita 2, hupatikana kwa njia ya kawaida mara moja tu katika tatu hivi. Kwa hiyo karatasi ikisema hakuna seli za saratani zilizoonekana, haijasema kwamba mgonjwa hana saratani. Imesema vinyama vile havikuwa nayo. Nimesikia familia zikitoa sadaka ya shukrani kwa karatasi ya namna hiyo, na daktari aliyewaacha waondoke bila kuwafafanulia hakuwatendea haki.

Tena, kamera si lazima iwe ya kwanza kila mara. Kanuni ni kuchukua nyama mahali rahisi na salama, na hasa mahali patakapoonyesha ugonjwa umefika wapi. Mwenye tezi ngumu shingoni achomwe sindano shingoni, jambo la dakika chache, na tezi ikikutwa na saratani itakuwa imejibu maswali mawili kwa pamoja. Mwenye maji kifuani, maji hayo yavutwe yapimwe. Uvimbe ulio karibu na mbavu huchomwa sindano kupitia mgongoni au ubavuni kwa kuongozwa na CT. Kwa tezi zilizojificha katikati ya kifua, nje ya kuta za njia ya hewa, kuna bronkoskopia yenye ultrasaundi nchani. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, waliielezea mwaka 2004. Daktari anaiona tezi kupitia ukuta, anaichoma sindano akiiangalia. Tezi za upande wa pili wa kifua zikiwa na saratani, upasuaji hausaidii, na ni bora kulijua hilo kabla ya kumpasua mtu kifua. Chombo hiki bado ni adimu Afrika Mashariki, lakini bronkoskopia ya kawaida inafanyika katika hospitali kubwa za rufaa, zikiwamo za Dar es Salaam na Nairobi.

Kinachowazuia wengi si chombo tu. Ni imani kwamba saratani ikiguswa husambaa. "Alikuwa anatembea, wakamkata kinyama, hakumaliza miezi miwili." Maneno hayo husemwa msibani na watu wenye uchungu wa kweli, na hayajibiwi kwa dharau. Ukweli ni kwamba wengi wetu hukatwa kinyama ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na kifo kinachofuata kinabandikwa kwa kipimo kilichokuwa karibu nacho. Madhara halisi yapo na mgonjwa ayajue: homa ya siku moja, sauti kukauka, makohozi yenye michirizi ya damu kwa siku moja au mbili. Mara chache damu huwa nyingi, au hewa huvuja nje ya pafu, hasa kinyama kikichukuliwa pembezoni. Kifo kutokana na kipimo ni nadra sana, chini ya mtu mmoja katika elfu moja. Baada ya kipimo asile wala asinywe mpaka ganzi iishe kooni, kwa kawaida saa 2, asije akapaliwa. Akitoa damu nyingi, akibanwa na pumzi au kuchomwa kifuani, arudi hospitali saa hiyo hiyo.

Msomaji, kama wewe au mzazi wako mnatumia dawa za TB zilizoanzishwa bila kimelea kuonekana, na baada ya miezi miwili kikohozi hakijapungua na mwili bado unakonda, msingoje dozi iishe. Rudini, na mseme waziwazi: tunaomba CT, na tunaomba rufaa kwa daktari wa kifua. Asiyewahi kuvuta sigara asijitoe katika hesabu, maana saratani ya mapafu huwapata hata wasiovuta. Kinyama kikichukuliwa, ulizeni kama kimepelekwa kupimwa saratani na TB pia. Andikeni jina la maabara na tarehe. Majibu yakitoka ombeni nakala, mziweke pamoja na picha zote za kifua, za zamani na za sasa, kwa kuwa daktari wa hospitali ya rufaa atataka kuzilinganisha.